Milimita Tatu

Barua kutoka Odense ilifika Jumatatu ya pili ya Januari. Barua zote za Kidenmark zinazoingia karakanani kwetu hupitia kwangu kwanza, kwa hiyo nilikuwa mtu wa kwanza hapa Takayama, Japani, kujua kwamba uchunguzi ulikuwa umefungwa. Matokeo yake yalitosha sentensi moja: gundi ilikuwa hafifu. Gundi ingebadilishwa, na kuanzia Aprili karakana ya Jutland, hukohuko Denmark, ingeendelea kutengeneza kiti kilekile kwa mchoro uleule.

Niliisoma mara mbili, kisha nikatoa daftari langu la vipimo kwenye droo. Sikuhitaji kulifungua. Namba niliyoitafuta niliikumbuka.

Mimi ni Nakadai Sanae. Kazi yangu ni kupima. Kila kiti cha mfano kinachotoka kwa mafundi hupita mikononi mwangu kabla ya kupakiwa, na kila kipimo nakiandika. Kwa kuwa nilisoma Aarhus, Denmark, miaka minne, nafanya na ukalimani. Karakana ni ya ukoo wa Kamide, nasi tuko watu kumi na mmoja. Miaka mitatu iliyopita kampuni ya samani ya Odense ilituomba tutengeneze, kwa mwaloni wa milima yetu, kiti kilichobuniwa na mtu wao wanayemheshimu kuliko wote, Ejnar Toft.

Toft mwenyewe alikuja kukaa nasi wiki mbili za mwanzo. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja, mrefu kiasi cha kugonga paji la uso mlangoni kila asubuhi, na kila asubuhi aliuomba mlango radhi. Alitaka tumwite Ejnar. Hakuna aliyeweza, tulimwita Mwalimu Toft. Yeye alimwita fundi wetu mkuu Kenzo, mbele ya watu wote, wakati jina hilo hakuna aliyekuwa amemwita Ushimaru Kenzo tangu mama yake alipofariki. Mafundi waliinamisha vichwa kwenye kazi zao ili wasionekane wakicheka.

Wawili hao walipendana kwa namna ya mafundi, yaani kwa kutaniana. Sisi randa tunaivuta kuelekea kifuani. Wadenmark wanaisukuma mbele. Siku moja Toft alichukua ubao akaonyesha. Ushimaru alimtazama hadi mwisho, akaniambia, "Mwambie anasukuma kama anayemfukuza mbwa jikoni."

Nilimwambia. Toft alijibu bila kuinua kichwa, "Naye anavuta kama anayembembeleza mbwa huyohuyo arudi."

Siku ya kwanza, kabla ya utani wowote, Ushimaru aliutandaza mchoro wa Toft juu ya meza na kuutazama kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Alipofika mahali ambapo mguu wa nyuma unapokea fremu ya kikalio, aliweka kidole gumba hapo na kukiacha. Kisha akaukunja mchoro, akasema kazi ingeanza kesho. Nilikiona kile kidole. Sikuuliza.

Kiti cha kwanza kilipokamilika nilikipima. Mchoro ulisema mguu uwe na unene wa milimita ishirini na mbili pale kwenye kiungo. Kiti kilikuwa na ishirini na tano. Ulimi wa fremu, ambao huingia ndani ya tundu la mguu, ulikuwa umerefushwa milimita sita. Nyongeza yote ilikuwa upande wa ndani, chini ya kikalio, mahali ambapo jicho halifiki. Sababu yake ilikuwa wazi kwa mtu anayejua mbao: mguu unapinda hapo, na mkunjo unazikata nyuzi za ubao. Nyuzi zikiwa fupi, milimita ishirini na mbili hazitoshi.

Nilimwendea Ushimaru na fomu mkononi. Fomu hiyo ilitoka Odense, na ilikuwa na kisanduku kimoja muhimu: kiti kinalingana na mchoro, ndiyo au hapana. Alikuwa ananoa patasi.

"Kinalingana na alichokusudia," alisema.

Nilimwambia fomu haiulizi makusudio, inauliza mchoro.

"Basi iulize hiyo fomu yako kama imewahi kukalia kiti."

Mafundi wawili walicheka. Niliweka alama kwenye ndiyo, nikatia sahihi.

Sitaki sababu yangu ionekane bora kuliko ilivyokuwa. Kwetu, mgeni akimwaga mchuzi, mwenyeji hufuta meza bila kukatisha mazungumzo. Kumrudishia mtu wa miaka sabini na moja mchoro wenye wino mwekundu, mbele ya mafundi anaokula nao mchana, kungekuwa kumwambia hajui kazi aliyoifanya maisha yake yote. Hivyo ndivyo alivyofikiri Ushimaru, na kwake ni sawa, kwa kuwa hakujua njia nyingine. Mimi niliijua. Aarhus walimu walinirudishia kazi zangu zikiwa zimejaa wino mwekundu, kisha jioni hiyohiyo wakanialika chakula. Nilijua kisanduku kile kinasomwaje kule. Kinasomwa kama kilivyoandikwa.

Toft alikikalia kiti, akapitisha kiganja kwenye mguu wa nyuma, akasema ndicho hasa alichokiona kichwani mwake. Wiki nzima Ushimaru alikuwa mtu wa furaha. "Hakuona," aliniambia. "Kazi isiyoonekana ndiyo kazi."

Kiti kilipelekwa Denmark. Huko mashine ilikisukuma kiegemeo mchana na usiku kwa siku tano, nacho hakikutikisika. Baada ya hapo wakakiongezea mzigo hadi kilipovunjika, kama desturi yao ilivyo, wakakitupa. Mchoro ukapigwa muhuri kwamba umethibitishwa. Vyetu viliuzwa hapa Japani tu. Mwaka uliofuata zikaja oda za Denmark, nyingi kuliko uwezo wetu, na Odense wakaupeleka mchoro kwa karakana ya Jutland iwahudumie wanunuzi wa kwao.

Nilipomweleza Ushimaru habari hiyo, nilimuuliza kama hatupaswi kusema neno. Alinishangaa.

"Kwani kule hawana mafundi?"

"Wanao."

"Basi. Fundi yeyote ataona."

Hatukulizungumza tena. Jutland walitengeneza viti mia mbili na sita, kila kimoja kwa milimita ishirini na mbili kamili. Walikuwa mafundi wazuri. Ndiyo maana vilikuwa kamili.

Mwezi Oktoba, katika maktaba ya mji mdogo wa huko, muuguzi mstaafu wa miaka sabini na tisa aliegemea nyuma ili avae miwani yake. Mguu wa nyuma wa kiti ulikatika. Alivunjika nyonga, akaishi siku kumi na tisa.

Tulipata habari Novemba. Siku hiyohiyo nilimwendea mwenye karakana, Kamide Yusaku, nikamweleza vipimo. Alisema tusubiri uchunguzi. Jambo ni la nyumbani kwao, alisema, na mgeni hatangulii kusema. Nilisubiri. Ushimaru sikumwambia chochote, kwa amri ya Kamide, na hilo nalo nililitii. Sasa uchunguzi ulikuwa umesema gundi.

Kamide aliisoma tafsiri yangu akiwa amesimama, kisha akafunga mlango na kunimiminia chai kwa mkono wake.

"Daftari lako ni la ndani, sivyo, Bi Nakadai?"

"Ni la ndani."

"Na hawajaliomba."

"Hawajaliomba kwa sababu fomu niliyoitia sahihi inawaambia hakuna cha kuomba."

Si mtu mbaya. Alinikumbusha kwamba Toft angekuja Februari kutia sahihi mkataba wa meza mpya, na kwamba meza hiyo ilikuwa kazi ya miaka miwili kwa watu kumi na mmoja. Alisema huenda gundi yenye nguvu zaidi ingetosha. Nilimjibu kwamba gundi haishiki ubao unaokatika kando ya gundi. Alilijua hilo, alizaliwa kwa baba seremala na alikulia kwenye vumbi la mbao. Alitazama kikombe chake, akasema angefikiri. Sikuomba ruhusa ya kwenda kwa Ushimaru, kwa sababu angenikatalia.

Ushimaru alikuwa peke yake kwenye benchi lake, wengine wakila. Nilimweleza kifo, kisha nikamsomea barua.

"Kwa mchoro uleule?"

"Uleule, Fundi."

"Yule fundi wa kule hakuona?"

"Aliufuata mchoro. Ulikuwa umethibitishwa."

"Umethibitishwa na nani?"

"Na kiti chako."

Aliweka chini kile alichokuwa amekishika. Kisha aliuliza jina la marehemu. Nilimwambia: Grethe Holm. Alilirudia mara nyingi, maana lilimpa tabu ulimini, na hakuacha hadi alipolitamka sawasawa.

"Mwalimu Toft akija," alisema, "usinitafsirie kwa upole."

Walifika tarehe kumi na nne Februari: Toft, na Birgitte Lyng, mama wa miaka hamsini hivi anayesimamia utengenezaji huko Odense. Theluji ilikuwa imefika madirishani. Toft alikuwa amekonda. Aliinama vizuri mlangoni asigonge kichwa, na hakuna aliyetania.

Tulikaa watano kuzunguka jiko la mafuta, mkataba wa meza ukiwa katikati. Kamide alianza kwa salamu za msimu. Toft alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema ana swali moja kabla ya kalamu kushikwa.

"Wamesema ni gundi. Nimeambiwa na watu waliosoma kuliko mimi, na bado silali. Kwa miezi minne nimekuwa nikijiuliza kama ni mchoro wangu uliomuua yule mama. Kila mtu ananiambia hapana, mchoro ulipimwa. Nataka kumsikia Kenzo. Nyinyi mnatumia gundi gani?"

Nilitafsiri. Kamide alifungua mdomo kujibu habari za gundi, na jibu lake lingekuwa la kweli. Ushimaru alimtangulia, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada.

"Gundi ni ileile. Nakadai, lete kiti."

Nilileta kimoja cha vyetu. Ushimaru alikigeuza miguu juu, mezani, juu ya mkataba. Alikichukua kipimo changu cha chuma, akampa Toft, akaweka kidole gumba mahali pa kupima. Mimi nilifungua daftari kwenye ukurasa wa siku ile na kuliweka kando. Kamide alitazama dirishani.

Toft alipima. Akafungua taya za kipimo, akapima tena, na mara ya tatu akapima mguu wa pili. Lyng aliinuka akasoma namba juu ya bega lake, kisha akaisoma kwenye daftari langu, akakaa.

"Lini uliona?" Toft aliuliza.

"Siku ya kwanza," alisema Ushimaru.

"Nilikuwa hapa wiki mbili. Tulikula pamoja kila mchana. Ulinicheka randa yangu."

"Ndiyo."

"Hilo uliweza kunicheka. Hili hukuweza kuniambia."

Nilitafsiri kama nilivyoagizwa, bila kulainisha. Ushimaru alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti.

"Ulikuwa mgeni, na ulikuwa mkubwa katika kazi. Nilidhani nakuheshimu."

"Ulinihurumia," alisema Toft. "Hayo ni mambo mawili. Ungeniambia ningekasirika siku mbili. Siku ya tatu ningechukua kifutio. Ulichukua kosa langu ukaliweka mahali nisipoweza kulifikia."

Ilinibidi nitafute maneno ya hilo. Nilipoyapata na kuyasema, Ushimaru aliinamisha kichwa hadi karibu na meza, akabaki hivyo. Toft hakumwambia ainuke. Nimewahi kusikia watu wakisema Wadenmark hawajui maana ya kuinama. Yule aliijua, na aliiacha ichukue muda wake.

Lyng alikuwa ametoa nakala ya fomu kwenye mkoba. Aliisogeza mbele yangu.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Wewe umeishi kwetu. Ulijua tutaisoma vipi?"

"Nilijua."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeandika jambo, akatoka kwenda kupiga simu. Huko kulikuwa bado hakujapambazuka, lakini alimpata mtu. Aliporudi alisema Jutland hawataanza Aprili. Viti vyote vilivyobaki kwa wanunuzi vitakusanywa, si ili vibadilishwe gundi bali vichomwe. Nilimtafsiria Kamide. Aliuliza kuhusu mkataba wa meza, kwa sauti ya chini, kwa kuwa ilikuwa kazi yake kuuliza. Lyng alisema hapana. Hakuongeza sababu, na hakuna aliyehitaji.

Mchana ule Toft aliomba mchoro wake na kalamu nyekundu. Waliketi pamoja kwenye benchi la Ushimaru. Toft alitaka kuonyeshwa yote, tangu mwanzo: mkunjo unakata nyuzi wapi, ulimi uwe na urefu gani, kwa nini nyongeza iwe ndani na si nje. Ushimaru aliogopa kuuchafua mchoro, na mstari wake wa kwanza haukuonekana vizuri. Toft aliugonga kwa ukucha. "Kwa nguvu, bwana. Niweze kuusoma." Ilikuwa kazi ya saa tatu. Kiti hicho hakingetengenezwa tena na mtu yeyote, na wote wawili walilijua. Toft aliukunja mchoro akaondoka nao.

Mwezi Machi Kamide aliniondoa kwenye upimaji. Sasa nafanya barua tu. Hakunikemea, alisema mtu mwingine anahitaji kujifunza. Wawili kati ya wale kumi na mmoja wamehamia karakana nyingine, kwa kukosa kazi ya meza. Ushimaru bado yupo, ingawa michoro inayotoka nje hapokei tena bila mtu wa pili kusimama kando yake na kuandika anachokisema.

Toft alimweleza ukweli wote mwana wa Grethe Holm, ana kwa ana, na akamwachia anwani yetu. Barua ya huyo mwana ilifika Mei. Ilikuwa fupi, bila tusi. Alisema amepokea maelezo ya kampuni kurasa kumi na moja, na katika kurasa zote hizo vitendo havina watenda: kipimo kilibadilishwa, fomu ilijazwa, taarifa haikutolewa. Alitaka kujua jambo moja. Kabla mama yake hajakikalia kile kiti, ni akina nani, kwa majina, waliokuwa wanajua?

Niliitafsiri nikampelekea Ushimaru. Aliomba nimsomee swali mara ya pili.

"Andika jina langu," alisema. "Useme nilijua siku ya kwanza. Usiweke sababu. Hakuuliza sababu."

Niliandika. Chini yake niliandika jina langu, na tarehe niliyopima, na namba. Ushimaru alitazama herufi asizozisoma, akauliza ya pili ni ya nani. Nilipomwambia, hakupinga.

Barua zote zinazotoka nje hupita kwa Kamide. Alikaa nayo siku tatu. Siku ya nne alinirudishia, akasema wakili wa karakana ameshauri isitumwe, maana ni ungamo lenye sahihi na linaweza kufikishwa mahakamani. Alisema hivyo akiniangalia, kisha akaongeza kwamba yeye alipewa habari Novemba tu, kwa hiyo swali halimhusu. Nilimwambia ni kweli, halimhusu. Alibaki amesimama mbele ya meza yangu muda mrefu kuliko jibu hilo lilivyohitaji.

Saa ya chakula nilitembea hadi posta nikaituma kwa rejista, jina la mtumaji likiwa langu, si la karakana. Karani aliuliza kama ndani kuna kitu cha thamani. Nilisema ni karatasi moja.

Sasa ni Septemba. Jibu halijaja, na katika barua yake yule mwana hakusema kwamba atajibu.